Zawadi ya Wananchi

Mtaani walimwita Brashi. Siku za kazi alikuwa mwandishi wa makasha katika ghala kuu la serikali, mtu wa kupaka kwenye mbao nini kimo ndani na kinakwenda wapi. Jioni na siku za mapumziko aliandika vibao. Kibao cha kinyozi ni mkono wake. Cha duka la nyama, cha zahanati, cha fundi baiskeli, hata maandishi ya ukuta wa shule ambayo watoto walijifunzia kusoma kabla hawajaingia darasani, yote ni kazi yake. Herufi zake zilikuwa na matumbo, zimesimama wima, na nyuma ya kila moja kulikuwa na kivuli chekundu chembamba. Kivuli kile hakufundishwa na mtu. Alikibuni ujanani akakiona kizuri, basi; na mteja akimwambia anataka kazi ya haraka isiyo na mapambo, Brashi aliitikia vizuri sana, kisha akakiweka kivuli chake palepale.

Si sifa ndogo, kujulikana kwa mkono wako. Ila sifa nayo humtokea mtu puani.

Mkewe walimwita Kamishna. Jina hilo alipewa na kinyozi siku ile ofisi ya mtaa ilipomteua kukusanya tozo ya pampu. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mfupi wa mwendo wa haraka, asiyejua kuzunguka neno. Kila mwezi kwa miaka miwili alipita nyumba mia moja na kumi na mbili, na hakumwachia mtu, awe shangazi yake wa damu au mwenyekiti wa mtaa mwenyewe. Waliomwona akitokea kwenye kona walizima redio wakajifanya hawapo. Aliwangoja. "Nasikia mnapumua humo ndani," alikuwa anasema mlangoni, na watu wanacheka, na kicheko kikishatoka, hela nayo inatoka.

Mtaa mzima ulikuwa unaishi kwa maji ya madumu, yanayoletwa na wasukuma mikokoteni kwa bei wanayojipangia wenyewe. Serikali ilichimba kisima kirefu nyuma ya zahanati, ikakifunika kwa bamba la chuma na kufuli, ikasema nusu ya bei ya pampu itatoka kwenye kodi ya kawaida na nusu itatoka kwenye tozo ya mtaa. Maana yake ni kwamba watu walikuwa wanalipa mara mbili, mfuko wa kulia na mfuko wa kushoto. Lakini mwambie mtu aliyebeba dumu kwa miaka kumi kwamba maji yatatoka bombani, uone kama atakaa kuchambua mifuko. Walilipa.

Jumanne moja pampu ikaingia ghalani. Brashi aliiona kwa macho yake, ya buluu, ndefu kumshinda, imelazwa kwenye kasha la mbao, na shingoni imefungwa kibati chenye namba ya mtaa wao. Ghala lina kanuni moja inayozidi zote: unachokiona ndani hakitoki nje kwa mdomo wako. Kwa miaka ishirini na tisa Brashi hakuwahi kuivunja. Jioni ile aliivunja kabla hajavua viatu.

"Imeingia," alimwambia mkewe.

"Nini imeingia?"

"Nini tena, mama watoto. Pampu. Nimeishika kwa mkono huu."

Kamishna aliacha nguo ya mtu imeumwa na sindano, akatoka nje hivyohivyo na utepe wa kupimia shingoni. Kufika saa sita mchana wa siku ya pili, hakuna nyumba iliyokuwa haijui. Mjane wa nyumba ya kona, mama mmoja mkali asiyemsifia mtu, alimshika Kamishna mkono akamwambia, "Mwanangu, umetutoa mbali." Brashi aliposimuliwa hilo alifurahi kuliko siku alipopandishwa mshahara.

Furaha ile ilidumu siku kumi na moja.

Nchi rafiki ilikuwa vitani mwaka wa pili. Kila asubuhi redio ilisema tunasimama nayo bega kwa bega, na kusimama huko kulikuwa na bei yake. Sukari ilipanda, nauli ikapanda, na kwenye karatasi ya mshahara ya Brashi ukaongezeka mstari mmoja ulioandikwa "mshikamano", ambao hakuna aliyemuuliza kama anaupenda. Hakulalamika. Aliwaona kwenye magazeti watu wale waliobomolewa nyumba na mabomu, akajiambia kwamba mstari mmoja hauui mtu.

Siku ya kumi na moja mkuu wa ghala aliwakusanya, akafunga mlango mkubwa, akagawa fomu. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza hata anapotoa amri. Makasha arobaini yatoke leo, alisema, yaende kwa rafiki zetu, mitambo ya maji na dawa. Fomu ilisema kwamba yeyote atakayetaja mali imetoka wapi au imekwenda wapi atafukuzwa kazi bila kiinua mgongo, na kesi juu. Brashi alisaini bila kusoma mara mbili, kama watu wote wanavyosaini. Kisha akakabidhiwa orodha, na kwenye orodha ile, mstari wa kumi na nane, akaikuta pampu ya mtaa wao.

Alikwenda kwa mkuu na karatasi mkononi. "Mkubwa, hii ina mwenyewe. Ina kibati."

"Kitoe kibati," mkuu alisema taratibu. "Mzee Brashi, mtaa wenu utaletewa nyingine. Hawa wanakunywa maji ya madimbwi. Halafu fanya herufi zisomeke, siku ya kukabidhi kutakuwa na kamera."

Alikikata kibati kwa koleo. Yalibaki maandishi: ZAWADI YA WANANCHI KWA NDUGU ZAO. Kwa desturi ya ghala, maneno hupakwa kwa bati la herufi, lile lililotobolewa, unaliweka kwenye ubao unapitisha rangi. Lakini bati lao lilikuwa limechakaa, herufi zinatoka zimepauka pembeni, na Brashi, pamoja na uchungu wote aliokuwa nao, hakuweza kuvumilia herufi mbaya. Alilitupa bati kando akaandika kwa mkono makasha yote arobaini. Alipomaliza neno la mwisho akachovya brashi nyembamba kwenye rangi nyekundu. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa ameumia, na mkono ukafanya ulichozoea kufanya.

Alipewa nakala yake ya hati ya kutolea mali, kama mtu yeyote aliyeshika kazi ya shehena, akaikunja akaiweka mfukoni, akaenda nyumbani na miguu ya mtu mwingine.

Hapo ndipo alipokosea, na mimi simtetei. Angeweza kumwambia mkewe. Lakini alimjua. Kamishna angesikia leo, kesho asubuhi angekuwa mlangoni kwa mkuu wa wilaya anauliza kwa sauti pampu imepelekwa wapi na nani, na kesho kutwa Brashi angekuwa nje ya ghala, mikono mitupu, akiwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Miaka ishirini na tisa. Watoto wao wawili walikuwa mbali na shida zao wenyewe. Kiinua mgongo kile ndicho kitu pekee walichokuwa nacho cha kuzeekea. Basi akalala nalo, na mkewe alipomuuliza baada ya wiki mbili mbona pampu haiji, akamjibu huku anaosha brashi ambazo zilikuwa safi.

"Nilichanganya, mama watoto. Ilikuwa ya mtaa mwingine. Namba zinafanana."

"Wewe? Wewe uchanganye namba?"

"Uzee."

Akamwamini. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa hakuwahi kumkamata na uongo mkubwa kuliko ule wa kusema mboga imekolea chumvi. Akatoka kwenda kuwaambia watu kwamba mumewe aliona vibaya, pampu bado haijafika.

Mwezi wa kwanza watu walitania. Mwezi wa pili wakauliza. Mwezi wa tatu hawakuuliza tena, na hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya, kwa sababu walikuwa wameshapata jibu lao. Ofisi ya mtaa iliandika wizarani na haikujibiwa. Mwenyekiti alipobanwa alisema yeye hela alizipokea kutoka kwa Kamishna, sasa kama kuna zilizobaki njiani yeye atajuaje, na akasema kwa namna ya kucheka, lakini waliosikia hawakucheka. "Kamishna wetu anakula taratibu," mtu alisema kwenye foleni ya madumu ya wasukuma mikokoteni, "hataki kuvimbiwa." Wateja wakaanza kupeleka nguo zao kwa fundi wa mtaa wa pili. Mjane wa kona, yule aliyemshika mkono, sasa kila akimwona alivuka barabara kumkwepa.

Kamishna hakuvuka barabara. Alipita katikati, kichwa juu, akawasalimu wote kwa zamu, na walionyamaza aliwasalimu mara ya pili. Nyumbani alikuwa anakaa kitandani na vitabu vyake vya risiti, anajumlisha upya toka ukurasa wa kwanza, usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hesabu ilikuwa inakubali. Angefurahi zaidi kama ingekataa, angejua alikosea wapi.

"Nimekosa nini, baba watoto?" aliuliza mara moja tu.

"Hujakosa kitu."

"Sasa?"

Brashi alifungua mdomo. Neno lilifika kwenye meno likarudi. Akamwambia alale, watu watachoka.

Hawakuchoka. Mwezi wa tano nyumba tatu zilikuja pamoja kudai warudishiwe chao, na walidai kwa kelele, milango ya jirani ikiwa wazi. Kamishna aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia waje Jumamosi. Ijumaa aliuza cherehani. Mnunuzi alikuja na mkokoteni, na kwa kuwa kile chuma ni kizito, Brashi akaitwa asaidie kunyanyua. Alishika upande mzito. Walikitoa pole pole kwenye mlango ule mwembamba, mkewe akiwaelekeza wasikwaruze ukuta, na yeye akitazama chini, akijua anachokijua. Nyumba tatu zikarudishiwa hela zao. Mtaa ukasema: kama hakula, mbona anarudisha?

Ukitaka kujua mtu anavyonaswa na kitu kisichoonekana, ungemtazama Brashi miezi ile. Kila asubuhi aliamka akasema leo nitamwambia. Na kila siku ilipopita, kusema kulizidi kuwa kugumu, kwa sababu sasa hakuwa na pampu peke yake ya kueleza, alikuwa na cherehani pia, na zile salamu zisizojibiwa, na miezi. Alihesabu miezi iliyobaki ya kustaafu. Akajiambia ikifika siku ile, mchana uleule, atasema yote.

Mwezi wa nane, Jumapili mchana, alikuwa kwa kinyozi. Alikuwa kwenye kiti, shuka shingoni, nusu ya kichwa imeshanyolewa. Wateja wanne walikuwa kwenye benchi wanatazama televisheni, bila kuangalia sana. Msomaji wa habari akasema msaada wetu umefika kwa rafiki zetu baada ya kukwama njiani kwa miezi mingi. Akaonekana waziri. Wakaonekana watu wa kule, wengi, wamebeba ndoo, nyuso zimekauka. Mafundi wakapandisha mtambo mrefu wa buluu juu ya kisima, maji yakatoka kwa nguvu, na bibi mmoja akayapokea kwa viganja viwili akanywa, akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha kamera ikateremka polepole kwenye kasha lililokuwa wazi.

Wembe ulisimama.

Kinyozi alitazama televisheni, akatazama kibao chake mwenyewe kilichokuwa juu ya kioo. Matumbo yaleyale. Kivuli kilekile chekundu. Wateja wanne nao wakafuata macho yake, kibaoni, televishenini, kisha kwenye kile kichwa kilichonyolewa nusu.

"Mzee Brashi," kinyozi alisema, "ule si mkono wako?"

Brashi angekana, lakini ukuta mzima ulikuwa unamshuhudia.

"Na ile si pampu ya buluu? Uliyosema umeishika, halafu ukasema hukuishika?"

Alitoa shuka shingoni, akaweka hela juu ya meza, akatoka. Alitembea mtaa mzima na kichwa cha pande mbili. Alipofika nyumbani habari ilikuwa imeshatangulia, maana miguu ya habari haina gauti. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya chumba, mahali palipokuwa na cherehani.

"Ni ile?"

"Ni ile."

"Ulijua lini?"

"Siku ya kumi na moja."

"Nilipowaambia watu kwamba uliona vibaya, ulijua."

"Nilijua."

"Ulipobeba cherehani."

"Nilijua, mama watoto."

Hakulia, hakupiga kelele. Brashi alitamani apige kelele, angalau angejua pa kuanzia. Akaanza kueleza mwenyewe, haraka haraka: fomu, kesi, kiinua mgongo, miezi. "Ningekwambia ungekwenda ofisini kesho yake."

"Ningekwenda," alisema Kamishna. "Asubuhi na mapema."

Akachukua kikoi chake, akaenda kukaa uani.

Mtu angedhani sasa, kwa kuwa ukweli umeonekana kwenye televisheni, Kamishna amesafishika. Thubutu. Kufika Jumatatu mtaa ulikuwa na hadithi mpya tena tamu zaidi: mke anakusanya, mume anasafirisha. Kumbe ni kampuni. Pampu imeuzwa nje, na waliouza wameweka saini kabisa, kwa jeuri. Jumanne asubuhi Brashi alifungua mlango akakuta umeandikwa kwa mkaa. Kabla hajasoma neno aliona kwanza jinsi mwandiko ulivyokuwa mbaya, herufi zimelaliana hovyo. Kisha akalisoma: WEZI. Akachukua sabuni na kitambaa akalisugua, mkewe akipita pembeni yake kwenda kutafuta maji.

Ghalani mkuu alimwita ofisini. Hakuwa amekasirika. Alimvutia kiti.

"Kivuli, Mzee Brashi. Nani alikwambia uweke kivuli?"

"Hakuna, mkubwa."

"Basi nyamaza. Upepo huu utapita. Umebakiza miezi sita. Serikali imetangaza zawadi, haikutangaza imetoka kwenye kisima cha nani, na ile fomu yako bado ina nguvu. Nchi ile ikianguka, vita vinakuja hapa kwetu. Pampu moja ni nini?"

"Mkubwa, mke wangu anaitwa mwizi."

Mkuu alitazama meza. Ninaamini aliona aibu ya kweli. "Miezi sita," alisema tena. "Mwambie avumilie."

Mkutano wa mtaa uliitishwa Alhamisi jioni, uwanja wa zahanati, karibu na kisima kilichofunikwa. Agenda ilikuwa moja, Kamishna. Walikuwa wamemwekea kiti mbele, peke yake, kama cha mtu anayepigwa picha. Mwenyekiti alisema watamsikiliza, kisha wataamua kama ni suala la polisi. Neno polisi lilipotajwa, Brashi, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, alijikuta anatembea. Hakupiga moyo konde wala nini. Aliona tu kisogo cha mkewe, kimesimama wima, na nywele nyeupe ambazo mwaka jana hazikuwapo.

Alitoa mfukoni ile nakala ya hati ya kutolea mali, aliyoificha miezi yote, akaisoma. Sauti yake ilikuwa ndogo, wakamwambia apaze. Akasoma tena toka mwanzo: pampu moja ya kisima kirefu, mali ya mtaa huu, iondolewe kibati, itolewe kuwa zawadi ya wananchi kwa nchi rafiki, kwa amri ya wizara. Akasoma tarehe. Akasoma nani aliamuru, nani alitoa, nani aliandika maneno. La mwisho lilikuwa jina lake. Kisha akampa mwenyekiti karatasi, na karatasi ikapita mkono kwa mkono.

Ilipomfikia mjane wa kona, aliishika akauliza.

"Hao wananchi waliotoa zawadi, ni sisi?"

"Ni sisi, mama," alisema Brashi.

"Sisi tulitoa lini?"

Mtu mmoja nyuma akasema, kwa haki kabisa, kwamba wale nao wana kiu, si wamewaona.

"Sikusema wasinywe," alijibu mjane. "Hata yule bibi kunywa kwake kumenifurahisha. Nimeuliza tulitoa lini. Mimi nikimpa mtu kitu nakumbuka nimempa."

Wakaanza, mmoja mmoja, kumtazama Kamishna. Zile nyumba tatu ziliinamisha vichwa. Mwenyekiti akakohoa, akasema kwa niaba ya mtaa anaomba radhi, kila mtu amejifunza. Halafu, akiwa palepale amesimama, akasema kwamba shimo lipo, kufuli lipo, na wizara kwa simu imemdokeza kuwa mtaa ukichanga upya nusu ya bei, nusu nyingine itaangaliwa. Kinachohitajika ni mkusanyaji mwaminifu.

"Yupo," alisema kinyozi. "Mwingine wa nini? Huyu tumeshampima hadi mwisho."

Wakapiga makofi. Walipiga kwa nguvu na kwa muda mrefu, makofi ya watu wanaotaka yaliyopita yaishe. Kamishna aliwatazama. Akikataa, watasema kumbe. Akikubali, basi amekubali. Alisimama, akasema sawa, akakaa.

Njiani kurudi alitembea mbele. Brashi alikuwa nyuma hatua tatu, mwepesi kidogo kifuani kwa mara ya kwanza baada ya miezi, akisubiri neno. Walipofika kwenye ukuta wa shule mkewe alisimama.

"Wale waliniita mwizi kwa sababu hawakujua," alisema bila kugeuka. "Wewe ulijua."

Akaendelea na safari. Hakulirudia neno lile tena, siku ile wala siku nyingine.

Barua ya kuachishwa kazi ililetwa Jumatano. Ilikuwa fupi. Kiinua mgongo hakuna. Kesi watamsamehe kwa kutazama utumishi wake mrefu. Kamishna aliisoma, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kabati. Akampakulia chakula. Hakumsema, hakumlaumu, hakumpa pole. Walikula pande mbili za meza, na Brashi akaelewa kwamba hapo ndipo atakapokuwa akikaa, kila siku, saa zote, maana sasa hakuwa na mahali pengine pa kwenda asubuhi.

Jumamosi alikuwa peke yake ndani, amekaa kwenye kochi, anasikiliza majirani wanavyobishana. Mlango ukagongwa.

"Hodi."

"Karibu," akaitikia.

Mlango ukafunguka. Alikuwa mkewe, kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, amevaa gauni la kutokea, kitabu kipya mkononi. Hakuingia.

"Shikamoo, mwenye nyumba," alisema. Ilikuwa sauti ileile aliyoitumia kwa nyumba zote mia moja na kumi na mbili, ya adabu, isiyo na haraka. "Nimekuja kwa ajili ya tozo ya pampu."

Brashi alisubiri acheke. Hakucheka. Akasimama, akatafuta kwenye suruali iliyotundikwa ukutani, akakuta noti mbili za mwisho za mshahara wa mwisho, akamletea moja mlangoni. Aliipokea kwa mikono miwili. Akafungua kitabu, akakiegemeza kwenye mkono, akaandika tarehe, akaandika kiasi. Kisha kalamu ikasimama, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili.

"Jina?" aliuliza.

Akamtajia. Jina la kwanza, la baba na la babu, taratibu, kama anavyotajiwa karani asiyekujua. Kamishna akaliandika lote, akachana, akampa, akashukuru, akaenda nyumba ya pili.